Madumu ya Batista Pale Pumuzikeni

Siku Batista aliposimamisha pikapu yake mbele ya kilabu chetu na kuniambia, "Kosmas, mimi nitakuletea pombe iliyoiva, wewe kazi yako ni kumimina na kuuza," nilipaswa kumwambia ageuze gari arudi Mbinga. Nilisema, "Sawa." Kisha nikamsaidia kushusha madumu. Na nikaongeza la kwangu ambalo yeye hakuliomba: pombe ile nikaimimina kwenye mitungi ya dada yangu Skolastika, ili wateja waione kuwa ya nyumbani.

Ninyi vijana mnaofungua baa na grosari siku hizi pengine hamwoni ubaya uko wapi. Pombe ni pombe, chombo ni chombo. Kwa hiyo niwaeleze kwanza kazi yetu ilikuwaje, maana niliifanya kwa miaka mingi na niliipenda, na sitaki kilabu chetu kikumbukwe kwa siku zake mbaya tu.

Kiliitwa Pumuzikeni. Kilikuwa pale barabara ya kutoka Mbinga inapoanza kuteremkia ziwani, na baba alipachagua kabla mimi sijazaliwa. Mtu anayepanda kutoka Lundo na mzigo wa samaki anafika pale hana pumzi. Mtu anayeteremka kutoka milimani na gunia la maharage anafika pale magoti yanamtetemeka. Baba alisema watu wa namna hiyo huna haja ya kuwaita, unaweka benchi tu. Alianza na mabenchi mawili na mitungi ya mama. Baadaye akasimamisha kuta za udongo, halafu za matofali aliyochoma mwenyewe, na mwaka mmoja kahawa ilipokubali tukapata mabati. Mvua ikinyesha juu ya mabati yale hakuna aliyemsikia mwenzake, na baba alisema ndiyo saa pekee ambayo walevi wanapatana.

Meza hazikuwapo. Mabenchi yalipangwa kuzunguka kuta, watu wakitazamana, katikati wazi. Nilipomaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani nilimwambia baba mahali pa kisasa panahitaji meza. Akanijibu, "Mtu ukimpa meza anajificha nyuma yake. Mimi nataka nione mikono ya kila mtu." Kama una nafasi ndogo, kijana, jaribu. Ugomvi mwingi wa kwenye vilabu huanza pembeni, mahali ambapo wengine hawaoni.

Sasa, jambo kubwa la nyumba yetu lilikuwa hili. Hakuna mtungi uliouzwa kabla mtu wa nyumba hajanywa mbele ya watu. Siyo kuonja kwa ncha ya ulimi. Kata nzima, kile kibuyu cha kuchotea, umesimama pale katikati, mpaka chini, halafu unaigeuza wote waone kuwa haidondoshi kitu. Watu wa kwetu wanaogopa sumu kuliko radi, na mtu mwenye ugomvi na jirani yake hawezi kupokea kata akanywa tu. Ukinywa wewe kwanza, unawaambia bila kusema: hii naijua, nimelala nayo nyumba moja, ikiwadhuru na mimi imenidhuru. Kila mtungi ulifunguliwa hivyo, hata kama siku hiyo imefunguliwa mingine kabla yake. Na anayekunywa ni aliyepika. Alikuwa mama, na mama alipozeeka akawa Skola.

Skola ni mkubwa wangu. Aliolewa Litumbandyosi, mumewe akafariki, akarudi kwetu na watoto wawili na mchi wake wa kutwangia. Baba aliniachia nyumba mimi kwa kuwa mimi ndiye mwanamume, lakini kila mtu alijua kuwa watu wanapanda mlima kwa ajili ya Skola. Pombe yake ilikuwa ya mahindi na ulezi, ile wengine wanaiita komoni. Ulezi aliuloweka ndani ya gunia kijitoni, akauacha juu ya majani ya mgomba mpaka uote, akauanika na kuusaga kuwa kimea. Unga wa mahindi aliuvundika, akaukaanga kwenye karai pana mpaka ukawa na rangi ya kunde, ndipo akapika uji kwenye pipa. Hapo wengi huharibu. Wanatia kimea uji ukiwa moto, kwa haraka zao, na kimea kinakufa. Skola alitumbukiza kiwiko. Kama kiwiko hakikuvumilia, hata kama kijiji kizima kinasubiri, kimea hakiingii.

Mitungi aliinunua kwa wanawake wafinyanzi wa ziwani, na kila mmoja aliufunga shingoni kipande cha kanga ya bluu. Wateja waliijua kanga ile kama mnavyojua nembo ya bia leo. Hakuosha mitungi kwa sabuni hata ilipopatikana. Alisugua kwa majivu, akasuuza, akaifukiza kwa moshi wa majani makavu. Kujua kama pombe imeiva aliweka sikio. "Ikinong'ona bado," aliniambia, "ikinyamaza imekupita. Inatakiwa iwe inaguna kama mzee aliyeamshwa." Mimi nilisikiliza mitungi ile maisha yangu yote na sijasikia ikiguna hata mara moja. Nilikuwa nasema "ndiyo, inaguna," naye anacheka.

Nilifanya makosa mengi ya kujifunzia. Moja lilitufanya tucheke mpaka kahawa ya mwaka ule ikavunwa. Niliamini kuwa pombe ikizibwa sana inakuwa kali zaidi. Nikatia lita kadhaa kwenye dumu, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikalificha chini ya kitanda cha wageni. Mchana akaja katekista wetu anakwenda kusalisha bondeni, mvua ikamzuia, mama akamwambia ajinyooshe kidogo. Alikuwa amelala fofofo dumu lilipopasuka. Alitoka nje shati limeganda mgongoni, anasema Baba Yetu kwa Kimatengo na Kiswahili vikiwa vimechanganyika. Mama alipiga magoti kuomba radhi. Skola akanong'ona, "Miaka yote anabatiza wenzake, leo amebatizwa yeye." Katekista akasikia, na yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Kuhusu walevi, baba alinifundisha kuwa mlevi hatolewi kwa mkono, anatolewa kwa swali. Unakaa naye, unamuuliza taratibu, "Hivi mbuzi umewafunga?" Mwenye mbuzi atanyanyuka hapo hapo. Ilifaa kwa watu wa milimani wote. Haikumfaa Mzee Hilari.

Mzee Hilari alikuwa mvuvi wa Lundo, mtani wetu sote. Alipanda na furushi la samaki wa mbasa waliokaushwa, akabadilisha kwa maharage, na maharage yakishafungwa alikuwa anakaa. Siku ya kwanza nilipomuuliza kuhusu mbuzi alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, mbuzi wangu wanaogelea." Nikamuuliza nyavu je, amezianika? "Ziko Lundo. Hata nikiteremka nakimbia sitazifikia kabla ya wezi. Nimiminie."

Alikuwa akiingia mlangoni anaanza. "Hamjambo, Wamatengo! Mmeshakipata?"

"Tumepata nini, mzee?"

"Kile mlichopoteza. Naona mmechimba mashimo milima yote, chini mpaka kileleni. Nikasema, hawa jamaa wameangusha kitu cha thamani."

Mkulima mmoja wa kahawa akamjibu, "Sisi tunachimba mashimo ya kulimia, tunapata mahindi. Wewe umekaa juu ya maji tangu utoto, na kiu yako bado unakuja kuimalizia mlimani."

"Maji yenu ya mlimani yana Skola ndani yake," Hilari akasema. "Ya kwetu yana mamba."

Skola naye kutoka jikoni, "Mzee, ukimaliza kututukana niambie. Leo nakupimia kwa kifuniko cha chupa!"

Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu. Watu wa ziwani na watu wa milimani walikuwa na lugha zao na makanisa yao, pale wakawa watu wa kilabu kimoja. Posa zilianzia pale. Ugomvi wa mipaka ya mashamba uliishia pale. Mwaka ambao sabuni na sukari zilikuwa hadithi tu, Pumuzikeni hapakukosa pombe, kwa sababu ulezi na mahindi havikuwa na foleni.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Wale mliozaliwa mnaona bidhaa madukani hamwezi kujua ilivyokuwa. Kwa ghafla mtu aliyekuwa akivaa kaptula yenye viraka alipita na suti ya mtumba ya kijivu, akiwa anakwenda kupalilia. Baiskeli zikawa nyingi. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia na magari yao. Mzee Saidi, mwenye duka pale mjini, ambaye zamani ukimuuliza sukari alikuwa anacheka tu, akawa na magunia yake yamepangwa mpaka juu. Yeye ni mtu wa dini yake na pombe haigusi. Wapika pombe wakinunua sukari nyingi alifumba jicho moja, na mimi nikimuuliza ananijibu, "Mimi nauza ya chai, Kosmas. Chai ya nani, msiniambie."

Nilifurahi sana miaka ile, nisidanganye. Lakini barabarani, mbele yetu kidogo, ikafunguliwa baa ya chupa yenye redio kaseti inayosikika mpaka kwenye korongo lililo nyuma yetu. Kijana wa kununua kahawa hakutaka kusubiri. Pombe ya Skola ilihitaji karibu wiki tangu ulezi kulowekwa mpaka mtungi kufunguliwa, na siku ambazo haijaiva mabenchi yetu yalikaa matupu. Nilikuwa nasimama mlangoni nasikia muziki wa wenzangu na kuona wateja wangu wanapita, wananipungia mkono kwa heshima, wanakwenda. Hilo liliniuma kuliko njaa. Na katika hali hiyo ndipo pikapu ya Batista iliposimama.

Batista alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kofia na vicheko. Watu wake mahali fulani karibu na mjini walikuwa wanapika kwa sukari na hamira, pombe ya haraka, inaiva unapotazama. Alizunguka vilabu akiigawa kwa madumu. Skola alitoka jikoni akanikuta namimina.

"Hii nini, Kosmas?"

"Pombe, dada. Ya kuziba zile siku zako za kusubiri."

"Imepikwa na nani?"

"Batista ana watu wake."

"Watu gani? Wanaitwa nani? Maji wanachota wapi?"

"Dada, hii ni biashara. Hata sukari hujui imetoka nchi gani, na unaitia kwenye chai yako."

"Sijawahi kusimama katikati ya watu nikawaambia sukari ni yangu."

Nikamwambia basi apumzike, nitakunywa mimi mbele ya wateja. Akafuta mikono kwenye kanga yake. "Kunywa. Ila itoe kwenye mitungi yangu."

"Nitaitoa."

Sikuitoa. Nilijua wateja wakiona madumu wataanza maswali yale yale. Skola akachukua mitungi michache akaiweka chumbani kwake kwa ajili ya kazi yake, na ile mingine akaniachia. Siku za pombe ya Batista alikwenda shambani asubuhi na hakuonekana. Watu wakiuliza, "Skola yuko wapi?" nasema, "Yuko kwenye maharage." Nilikuwa nasimama katikati, nainua kata, nakunywa, nageuza. Wengine walikunja uso kidogo baada ya kuonja. Wakisema leo imekuwa chachu, nawaambia ulezi wa mwaka huu siyo mzuri. Ikazoeleka. Mabenchi yakajaa siku zote, na mimi nikajiona mjanja.

Nikuambie jambo moja la kazi ambalo halimo kwenye leseni: mtu anayefungua mitungi kwa kunywa lazima awe na kichwa kigumu, au apike kidogo. Mama na Skola walipika kinachotosha watu wa siku hiyo. Mimi kwa pombe ya Batista nilikuwa nafungua mtungi baada ya mtungi. Jumamosi moja ya msimu wa kahawa, nyumba imejaa mpaka nje, nilikuwa nimeshafungua kadhaa na macho yananizunguka. Ulipokuja mwingine nikauburuta katikati na kuanza kuchota.

Mzee Hilari akashika kata hewani. "Mbona hujainywa?"

"Ni ileile, mzee. Kunywa."

"Ni ileile?"

"Mzee, na wewe! Tangu lini unaniogopa?"

Akacheka, akasema kama kufa basi atafia mlimani karibu na mbingu, akanywa. Wakanywa na wenzake wa benchi lile.

Jua halijafika magharibi walikuwa wanatapika. Hilari alitoka jasho mpaka shati likawa kama amevuliwa ziwani, na midomo yake ikawa inatetemeka, hawezi kusema. Walilazwa kwenye machela, vijana wakawateremsha mbio hadi zahanati. Niseme mapema ili msibaki na wasiwasi: hakufa mtu. Lakini Hilari alilala muda mrefu, na hakuwahi tena kupanda mlima ule na mzigo.

Walipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba kulikokuwa na madumu. Nikainama nikanusa moja moja. La mwisho lilikuwa na ile harufu. Kila mtoto wa Umatengo anaijua. Tumekua nayo kwenye nguo za baba zetu msimu wa kupuliza dawa ya mibuni. Dumu la dawa lilisuuzwa haraka na kujazwa pombe, na kwa sababu mimi nilikuwa naimimina kwenye mitungi kabla ya watu kuja, na mitungi yenyewe imefukizwa moshi, hakuna pua iliyogutuka. Wangeiona pombe ile ikitoka kwenye dumu lake, mkulima yeyote pale angenipigia kelele. Nililibeba nikalitupa korongoni.

Kikao kilifanyika mle mle kilabuni. Walikuja ndugu wa wagonjwa kutoka Lundo, na mwenyekiti wetu wa kijiji akakaa katikati, mahali pa kunywea. Skola alisimama mlangoni mwa jiko. Mpwa wake Hilari, mtu mzima mwenye sauti ndogo, aliuvuta mtungi uliokuwa na mabaki, akaigusa ile kanga ya bluu.

"Mimi nina swali moja tu. Mtungi huu ni wa nani?"

Kila mtu aliujua. Walinitazama mimi kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Nilifikiria leseni. Nilifikiria siku zote nilizosimama na kata mkononi nikiwadanganya watu wale wale waliokaa mbele yangu, na jinsi watakavyonitazama.

Nikasema, "Mtungi ni wa dada."

Skola hakupiga kelele. Alisema, "Mwulizeni kilichokuwa ndani."

Mwenyekiti akanigeukia. "Kosmas, ndani kulikuwa na nini?"

"Pombe," nikajibu.

Sauti ikatoka nyuma, ya mwanamke, "Ndiyo maana siku hizo haonekani! Anapika, halafu anakwenda shambani, anamwachia kaka yake ndiye anywe! Kwa nini alikuwa hainywi mwenyewe?" Wengine wakaguna kukubali. Neno sumu halikutamkwa na mtu. Halikuhitaji. Skola alinitazama, anangoja. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Niliangalia miguu yangu.

Mwenyekiti aliamua kilabu kifungwe kwa muda na tuwalipie wagonjwa matibabu. Asubuhi iliyofuata Skola alifunga nguo zake, akaniachia mitungi yote, akaenda kijiji cha Ruanda, huku huku Mbinga, kwa mama mdogo wetu. Watoto wake walimfuata baadaye. Hakuwahi kupika tena pombe ya kuuza, kwa sababu mpishi wa pombe akishashukiwa hivyo, hata akihamia wapi, maneno yanafika kabla yake.

Mimi nilifungua tena, kwa chupa. Nikawa nafungua kila chupa mbele ya mteja na kumwekea kizibo juu ya mdomo wa chupa, kama inavyotakiwa, nanyi msiache kufanya hivyo hata mteja akiwa rafiki. Nilinunua friji la mafuta ya taa lililokuwa linapoza siku linapojisikia. Nilipata na meza. Watu walikuja wachache, wakanywa wakitazama barabara. Batista nilisikia amehamishia pikapu yake kwenye mbao. Hatukuwahi kuulizana kitu.

Ilinichukua mvua tatu kuteremka Lundo. Hilari alikuwa amekaa nje anatengeneza nyavu za wengine. "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza yote, mpaka dumu la korongoni. Alifunga fundo lake kwanza.

"Nilijua siyo ya Skola," akasema. "Ya Skola ulimi wangu unaijua hata nikiwa na homa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wewe ni ndugu yake, tumbo moja, ukasema ni wake. Nikadhani labda kuna jambo la nyumba yenu mimi mgeni silijui." Akavuta uzi. "Halafu niliinywa kwa sababu uliniuliza tangu lini nakuogopa. Nikaona haya."

Jumapili iliyofuata nilisimama nje ya kanisa baada ya misa nikawaambia watu: pombe ilikuwa ya Batista, nilikuwa naimimina kwenye mitungi ya Skola, yeye alikataa tangu siku ya kwanza. Nilidhani watanizomea. Walinisikiliza kwa upole, na mama mmoja akanishika mkono. Siku chache baadaye nikajua wanachosema: "Kosmas ana moyo mzuri. Anabeba lawama amfichie dada yake." Nilirudia maneno yale mara nyingi, kwa mwenyekiti, kwa mpwa wa Hilari, kwa yule mwanamke wa kikaoni. Kila niliporudia, mimi nilionekana mwema zaidi na Skola mbaya zaidi. Ukweli una wakati wake wa kusadikiwa, nami niliuacha upite nikiwa nimeinamia miguu yangu.

Nilikwenda Ruanda. Skola alinipokea vizuri, akaniwekea maji ya kunawa, akaniuliza habari za shamba. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha.

"Nyanyuka, Kosmas, utachafua suruali," akasema. Nikanyanyuka. Kisha akasema, "Mimi sina hasira na ile pombe. Kila mtu anaweza kukosea dumu au mtungi. Nilikungojea neno moja, nikiwa nimesimama pale, na wewe ulikuwa nalo."

"Nimeshawaambia sasa, dada."

"Nimesikia. Nimekusamehe, kweli. Lakini kwako siji tena."

Nikadhani ni maneno ya siku ile. Sikumjua vizuri dada yangu. Mama alipofariki, Skola alifikia kwa jirani, akalia kwa jirani, akazika, akaondoka bila kukanyaga kizingiti changu. Kilabu nilikifunga miguu iliponishinda, na jengo nikampangisha mtu wa mbolea. Hilo limepita, na sililii. Vilabu hufa, hata vya watu waaminifu.

Lililobaki ni hili, vijana wangu, nalo nalisema bila kulipamba. Kwetu binti haolewi bila shangazi. Ndiye anayekaa naye ndani, ndiye anayemfundisha, ndiye wageni wa posa wanayemuulizia kabla ya kumuulizia baba. Mabinti zangu watatu wameolewa, na kila mara wageni walipouliza, "Shangazi yuko wapi?" niliinuka mimi kujibu. Tulikodi mama wa jirani akakaa mahali pake. Skola yuko hai mpaka leo, yuko Ruanda, analima maharage. Wajukuu zake na wangu wanasoma shule moja ya sekondari pale Mbinga, na hawajui kuwa ni ndugu. Nilimpoteza dada yangu akiwa mzima, na watoto wangu hawana shangazi.